Nani ataitika 'tega' studio ikiwa tupu?

Huenda msomaji akashangaa kumwona mhadhiri wa isimu akizungumzia vipindi vya mashindano ya televisheni, vile ambavyo mtu huketishwa chini ya taa kali akaulizwa maswali, kisha akaondoka na fedha, gari au jiko la gesi. Mambo hayo, atasema, ni ya watu wa burudani na matangazo ya biashara. Mimi naona kinyume. Kipindi cha chemsha bongo ni tukio la lugha tangu mwanzo hadi mwisho. Hakina milima ya kuonyesha wala magari ya kulipuliwa. Kina swali, kimya, jibu, na watu wanaoshuhudia. Ndiyo maana korona ilipotufikia, vipindi hivi viliumia pahali ambapo taarifa ya habari haikuumia, na namna vilivyojinusuru ina la kutufunza sisi wa Kenya ambao, kwa nionavyo, bado hatujaamua tutafanya nini siku gonjwa jingine likibisha hodi.

Tuanze na tarehe, maana watu ni wepesi wa kusahau. Shirika la Afya Duniani lilitangaza korona kuwa janga la dunia nzima tarehe 11 Machi 2020. Siku mbili baadaye Serikali ya Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza nchini, shule zikafungwa, na kufikia tarehe 27 mwezi huo tulikuwa chini ya kafyu ya usiku. Huko Marekani, hata kabla ya tangazo la Shirika hilo, vipindi viwili vikongwe vya mashindano, Jeopardy! na Wheel of Fortune, vilikuwa vimekwisha kuamua kurekodi bila hadhira. Haikuwa woga mtupu. Alex Trebek, aliyeongoza Jeopardy! tangu 1984, alikuwa ametangaza Machi 2019 kwamba ana saratani ya kongosho, na mtu anayepigana na saratani hawezi kuletewa umati wa wageni kila siku ya kazi. Muda si muda kazi yote ikasimamishwa.

Hapa pana jambo ambalo halikusemwa vya kutosha. Vipindi vya namna hii aghalabu huongozwa na wazee. Trebek alikuwa anakaribia miaka 80. Pat Sajak wa Wheel of Fortune alikuwa amepita 70. Kule India, Amitabh Bachchan, ambaye sina haja ya kumtambulisha kwa Mkenya yeyote aliyewahi kuingia sinema za River Road, alizaliwa 1942 na ndiye mwendeshaji wa Kaun Banega Crorepati, kipindi ambacho Wahindi hukiita kwa herufi KBC (zisichanganywe na shirika letu la utangazaji). Si ajabu kwamba ni wazee. Anayeuliza maswali hadharani sharti aonekane kuwa anayajua majibu, na sauti yake iwe na uzito wa mtu aliyeona mengi. Ni mzee wa baraza. Basi korona ilikuwa ugonjwa uliomwinda mzee wa baraza hasa, na kumfikia ilikuwa rahisi, kwa kuwa kazi yake ni kukutana na watu wapya kila siku. Bachchan mwenyewe aliugua Julai 2020 na kulazwa hospitalini Mumbai. Alipona, akarudi kitini, na msimu wa 12 wa kipindi chake ukafunguliwa tarehe 28 Septemba mwaka huo huo.

Iliwezekanaje vipindi hivi kurudi upesi hivyo, ilhali watayarishi wa tamthilia bado walikuwa wanahangaika? Jibu liko katika namna vinavyotengenezwa, na mtazamaji wa kawaida halifahamu kwa sababu amefichwa. Jeopardy! hurekodiwa vipindi vitano kwa siku moja. Mshindi wa kipindi cha kwanza hukimbilia chumbani akabadilisha nguo, akarudi jukwaani tunaambiwa kesho imefika. Kwa siku mbili za kazi studio imemaliza haja ya majuma mawili. Kwa hiyo kazi iliposimama Machi, kapu halikuwa tupu; vipindi vipya viliendelea kuonyeshwa hadi Juni 2020, na baadaye vya kale vikarudiwa. Isitoshe, jukwaa ni lile lile, kamera haziondoki pahali pake, na washindani ni watatu tu ambao hawana haja ya kukumbatiana, kupigana wala kubusiana kama waigizaji. Tarehe 14 Septemba 2020 Jeopardy! ikarudi hewani, meza za washindani zikiwa zimesogezwa mbali mbali, na mwendeshaji naye mbali nao. Wheel of Fortune ilikuwa na tatizo la ziada, kwani washindani wote hushika gurudumu lile lile. Wakabuniwa kifuniko cheupe cha kuvika vishikio, kila mmoja akawa na chake, na Sajak akawa anakitania.

Trebek alirekodi kwa mara ya mwisho tarehe 29 Oktoba 2020, akafariki tarehe 8 Novemba. Vipindi alivyoacha vikaendelea kuonyeshwa hadi 8 Januari 2021. Hakuwahi tena kuongoza mbele ya hadhira.

Nimekuwa nikilitumia neno hadhira, na ni wakati wa kulitenga na neno watazamaji, kwa sababu uchanganyaji wa maneno haya mawili ndio uliowapotosha wengi waliojaribu kunusuru vipindi vyao. Watazamaji wako nyumbani, wanatazama. Hadhira imehudhuria; imo ndani ya tukio. Katika fasihi simulizi yetu hakuna asiyeijua tofauti hii, hata kama hajapata kuitaja. Anayetega kitendawili husema 'Kitendawili!' na hawezi kuendelea mpaka aitikiwe 'Tega!' Wasipokijua, huwataka wampe mji. Wakishampa Malindi au Lamu, huusafiri mji huo kwa maneno mawili matatu kisha ndipo afumbue. Anayesema 'Tega!' hakuja kushangilia. Ametia sahihi mkataba. Ameruhusu swali liulizwe, na akishindwa ametoa fidia. Kitendawili kisichoitikiwa hakijategwa, ni mtu anayejisemea peke yake.

Sasa tuitazame studio tupu. Mtayarishi anayedhani hadhira ni pambo ataleta makofi na vicheko vya kurekodiwa. Ndivyo walivyofanya wengi. Hata katika kandanda, Ligi Kuu ya Ujerumani iliporejea tarehe 16 Mei 2020 katika viwanja visivyo na mtu, watazamaji wa televisheni walipewa kelele za mashabiki zilizohifadhiwa. Kwa kandanda naweza kusamehe, maana mpira huingia golini hata kama hakuna anayepiga kelele. Lakini katika chemsha bongo kicheko cha kurekodi hufika pale fundi wa sauti alipokitia, si pale kichekesho kilipoiva, na sikio la msikilizaji hulitambua hilo mara moja. Mtambaji wa hadithi huupima mwendo wake kwa 'enhe' na 'naam' za wasikilizaji. Mnyime hizo, ama atakimbia ama atajikwaa.

Mtayarishi anayefahamu kwamba hadhira ni mshiriki hujiuliza swali tofauti: hawa watu walikuwa wanafanya kazi gani katika mchezo wangu, na nani ataifanya sasa? Hakuna kipindi kilicholazimika kulijibu swali hilo waziwazi kuliko Who Wants to Be a Millionaire?, kilichoanzia Uingereza mwaka 1998 na ambacho KBC ya Bachchan ni tawi lake. Humo hadhira imeandikiwa kazi katika kanuni zenyewe: mshindani akikwama anaweza kuwauliza waliohudhuria, nao hupiga kura. Msaada huo haukuwa wa mzaha. Mwandishi James Surowiecki, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu busara ya umati, aliripoti kwamba katika kipindi cha Marekani hadhira ilikuwa ikipata jibu sahihi mara 91 kwa kila 100, ilhali rafiki mjuzi aliyepigiwa simu alipata kama mara 65. Kuiondoa hadhira basi kulikuwa kumnyang'anya mshindani silaha yake kali kuliko zote.

Nchi tatu zilijibu kwa njia tatu. Marekani, katika matoleo ya watu mashuhuri yaliyoanza kuonyeshwa Aprili 2020, mshindani aliruhusiwa kumuuliza mwendeshaji, Jimmy Kimmel, na zaidi ya hayo akaja na msaidizi wake aliyeketi kando. Uingereza, mahali pa kura ya hadhira pakatiwa simu ya pili kwa rafiki. India, mshindani akapewa nafasi ya kuongea na rafiki yake kwa video, uso kwa uso, na wale wanaowania kiti katika duru ya vidole vyepesi wakapunguzwa kutoka 10 hadi 8 ili wakae mbali mbali.

Njia ya Uingereza ndiyo iliyokuwa rahisi na ndiyo iliyoniridhisha kidogo. Kuongeza simu ni kuongeza kichwa kimoja mahali pa vichwa vingi, na sauti ya simu tayari ilikuwamo mchezoni. Hata hivyo sharti nikiri kwamba studio ile tupu haikuzuia makubwa, kwani Septemba 2020 mwalimu wa historia, Donald Fear, alijishindia pauni milioni moja pasipo hadhira ya kumpigia makofi. Ya Marekani ilikuwa na ucheshi lakini ikamgeuza mwamuzi kuwa wakili. Ya India ndiyo iliyonivutia. Rafiki aonekanaye kwenye kiwambo haleti ujuzi peke yake; huleta sebule yake, jamaa zake wanaopita nyuma, wasiwasi wake, na Bachchan hupata wa kumsalimu kwa heshima zote za Kihindi kabla ya swali. Watayarishi wale walifahamu kwamba kilichopotea si kura tu, ni uso wa mtu anayekuhurumia. Wakairudisha hadhira, ingawa ya mtu mmoja.

Kibarua kigumu zaidi kilikuwa cha The Price Is Right, kipindi ambacho kwa sura yake ya sasa kimeendelea kule Marekani tangu 1972. Humo washindani hutoka katika hadhira yenyewe. Mtu ameketi, hajui lolote, mara jina lake linanadiwa na anaambiwa ashuke jukwaani. Wanafunzi wangu wa pragmatiki hujifunza kutoka kwa mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin kwamba yapo maneno ambayo kuyasema ni kutenda, kama kadhi anapofungisha ndoa au hakimu anapotamka hukumu. Wito ule ni wa jamii hiyo. Kabla ya kutamkwa, mtu ni mtazamaji. Ukishatamkwa, ni mshindani. Kipindi kiliporejea Novemba 2020 hapakuwa na hadhira. Washindani walikuwa wameteuliwa mapema, kila mmoja akajua amekuja kucheza. Wito ukabaki ukapigwa, lakini ulikuwa umekwisha kufa kama tendo, umekuwa kibwagizo. Si kosa la watayarishi, maana sijui wangefanya nini kingine. Ila ni vyema tujue kilichopotea, badala ya kusema kwamba kipindi kilirudi kama kawaida. Jirani yake katika shirika lile lile la CBS, Let's Make a Deal, alifanya ujanja ambao nausifu zaidi: akawaingiza washiriki kwa video kutoka majumbani mwao, na desturi ya kipindi hicho ya watu kuja wamevaa mavazi ya vioja ikahamia sebuleni.

Kwa nini basi Jeopardy! haikuwaacha washindani wake nyumbani vivyo hivyo? Hapa ndipo isimu inapoweza kumsaidia mtu wa kamera. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, ukagundua kwamba katika mazungumzo ya kawaida pengo kati ya swali na jibu ni, kwa wastani, takriban sehemu moja kwa tano ya sekunde. Binadamu hupokezana zamu ya kusema kwa kasi ya kutisha. Mawasiliano ya video kwa mtandao mara nyingi huchelewa zaidi ya hapo, na hayachelewi sawasawa kwa kila mtu. Jeopardy! ni mashindano ya kitufe. Anayebonyeza mbele ya mwenzake kwa kufumba na kufumbua ndiye anayejibu. Mweke mmoja penye mtandao mzuri na mwingine penye mtandao wa kusuasua, na utakuwa umeamua mshindi kabla ya swali la kwanza. Kwa upande mwingine, kipindi cha Uingereza cha mizaha ya habari, Have I Got News for You, kilihamia majumbani mwa washiriki mapema Aprili 2020 pasipo taabu kubwa, kwa kuwa pointi za kipindi hicho hakuna anayezijali. Kanuni ni hii: mchezo unaotegemea wepesi wa kidole sharti ubaki studioni, na mchezo unaotegemea zamu, tafakuri au ufasaha waweza kusafiri.

Lipo suala la uaminifu pia. Hadhira ni shahidi. Marekani ililijua hilo kwa uchungu. Katika miaka ya 1950 ilibainika kwamba baadhi ya vipindi vya maswali vilikuwa vikiwapa washindani majibu mapema. Charles Van Doren, aliyekuwa kipenzi cha taifa, alikiri mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1959, na mwaka uliofuata sheria ikapitishwa kuharamisha udanganyifu huo. Hata palipo na hadhira hila haikosi. Mwaka 2001 huko Uingereza, meja wa jeshi, Charles Ingram, 'alishinda' pauni milioni moja, kumbe palikuwa na mtu studioni aliyekuwa akikohoa kila jibu sahihi lilipotajwa. Mahakama ikawatia hatiani mwaka 2003. Msomaji atanisamehe nikisema kwamba kikohozi, ambacho mwaka 2001 kilikuwa jibu, mwaka 2020 kilitosha kuifunga studio nzima.

Seuze basi mshindani aliyeko nyumbani kwake, na simu nyingine mapajani na binamu nyuma ya kamera! Dawa ipo lakini haiwezi kuwa ahadi ya mdomo. Kipindi kinachopeleka mchezo nyumbani ni lazima kipeleke na macho: kamera ya pili inayoonyesha chumba, muda mfupi wa kujibu, na maswali ambayo kuyatafuta mtandaoni ni kujichelewesha. Mkenya ambaye amewahi kutuma ujumbe mfupi kushiriki bahati nasibu, asisikie tena habari ya fedha zake, hataridhika na chini ya hayo.

Na sisi je? Tusijidharau, nchi hii ina historia yake katika uwanja huu. Wengi watakumbuka mashindano ya maswali ya vyuo vikuu yaliyoanza mwaka 2007 chini ya jina la Celtel Africa Challenge, yaliyoendeshwa na John Sibi-Okumu kwa sauti yake ile ya mwalimu asiyetaka mchezo. Yalikuwa ya Kiingereza. Kwa Kiswahili, chemsha bongo zetu zimekaa zaidi redioni, na huko mpigaji simu kutoka Taveta au Kakamega amezoea tangu zamani kujibu swali pasipo kumwona mwulizaji. Yaani jambo ambalo Los Angeles na London zililibuni kwa jasho mwaka 2020, la mchezo wenye hadhira ya masikio, sisi tulikuwa nalo.

Hatukulitumia. Mwanzoni mwa janga mimi na wenzangu wawili tulikipelekea kituo kimoja cha televisheni, ambacho sitakitaja, pendekezo la mashindano ya Kiswahili baina ya shule za upili. Watoto walikuwa nyumbani. Shule zilifungwa Machi 2020, baadhi ya madarasa yakarudi Oktoba, na wengine wote wakangoja hadi Januari 2021. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ilikuwa ikirusha masomo redioni na kwenye televisheni, kazi ya kusifiwa, lakini somo linalorushwa ni maji ya mfereji yanayokwenda upande mmoja; mwanafunzi hana pa kuitikia. Tulitaka apate pa kuitikia. Jibu tulilopewa lilikuwa la sentensi moja: bila hadhira hakuna kipindi, tungojeni hali irudi. Hali iliporudi, ratiba ilikuwa imejaa tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti.

Simlaumu aliyetujibu kwa nia mbaya. Alikuwa na hasara, matangazo yalikuwa yamepungua, na wapiga picha wake walikuwa wanatumwa nyumbani. Lakini fikra yake ndiyo ninayopigana nayo hapa. Kipindi chake, akilini mwake, kilikuwa ukumbi, taa na makofi. Angelikiona kuwa ni swali na jibu, angeligundua kwamba kilikuwa chepesi kuliko vyote alivyokuwa navyo: mwendeshaji mmoja, mwamuzi mmoja, wapiga picha wawili, na laini za simu. Wale wapiga picha waliotumwa nyumbani, angalau baadhi yao, wangalipata kazi.

Nisije nikaonekana napaka rangi tu. Matatizo yangekuwapo, na makubwa. Nyumba nyingi hazina televisheni, na zenye nayo hazina umeme wa kutegemewa. Mwanafunzi wa Kwale asingeweza kuonekana kwa video kama mwenzake wa Lavington, na tukishindanisha sura tungekuwa tumeshindanisha pochi za wazazi. Ndiyo maana pendekezo letu lilitaka wote waingie kwa sauti peke yake, hata yule mwenye kompyuta, na kipindi kirushwe kwa wakati mmoja redioni na kwenye televisheni. Hakuna kitufe, ni zamu, kwa sababu nilizokwisha kueleza. Maswali yawe ya kuunda badala ya kukumbuka: tunga sentensi, kamilisha methali kwa hali hii, eleza tofauti ya maneno haya mawili. Hayo hayatafutwi kwenye simu kwa sekunde kumi.

Na maneno hayangekosekana, kwani janga lenyewe lilikuwa likitunga msamiati mbele ya macho yetu. Tanzania walizua UVIKO-19 kwa ugonjwa ambao sisi tuliendelea kuuita korona. Kitakasa mikono kikapata jina kabla ya kupata bei nafuu. Barakoa, neno ambalo wapwani walilijua zamani kwa kifuniko cha uso cha wanawake, likafufuka na kuenea mpaka bara, ambako wengi walidhani limetungwa juzi. Mwanafunzi angeliulizwa lilikotoka. (Watu wa studio nao wangelizingatia barakoa kwa sababu nyingine: huficha midomo na kuzifubaza konsonanti, hivi kwamba 'pata' na 'bata' hukaribiana mno. Palipo na swali la tahajia, heri umbali na uso wazi.)

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Kufikia wakati huo hadhira zilikuwa zimekwisha kurejea; KBC ya India ilirudisha kura ya hadhira katika msimu wake wa 2021. Mwaka 2024 likaja tangazo jingine la dharura, la mpox, na mgonjwa wa kwanza wa humu nchini alitangazwa Julai mwaka huo, Taita Taveta. Halikuwa la kufunga studio. Linalofuata halituahidi hivyo.

Ninachowaomba watayarishi wetu hakihitaji fedha. Kila kipindi cha mashindano kinachoanzishwa kiandikiwe kanuni mbili tangu siku ya kwanza, moja ya ukumbi uliojaa na moja ya ukumbi mtupu, na ya pili iseme wazi ni nani atakayefanya kila kazi iliyokuwa ikifanywa na hadhira: nani anapiga kura, nani anashuhudia, nani anacheka. Ijaribiwe mara moja kwa mwaka, katika msimu wa kawaida, ili mwendeshaji azoee kuzungumza na kimya. Vituo visiache kuwa na vipindi vya akiba vilivyorekodiwa, walau vya miezi miwili. Na mwendeshaji mzee awe na naibu anayejulikana kwa watazamaji, siyo sura mpya inayoletwa siku ya msiba.

Pendekezo letu la mwaka 2020 bado liko kwenye faili. Ukurasa wake wa tatu unaeleza duru ya vitendawili, ambayo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwendeshaji anatega, shule mbili ziko hewani kwa simu, kila moja na muda wake. Zikishindwa zote, simu inafunguliwa kwa yeyote anayesikiliza, si kwa ajili ya jibu, bali atoe mji. Anayepatikana kwanza anatoa Kitui, au Wajir, au kijiji chake ambacho hakijatajwa hewani hata siku moja, na mwendeshaji analazimika kufika huko kwa maneno kabla ya kufumbua.